Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Apone kwa Lipi?

Katika bidhaa zote ambazo visiwa vya Bahari ya Karibi huziuza kwa mataifa tajiri, hakuna iliyopambwa kwa maneno matamu kuliko juma moja la mapumziko ya familia katika hoteli ya ufukweni. Zamani visiwa hivyo vilijulikana kwa sukari, kisha kwa ndizi, na Jamaika ikajulikana pia kwa boksiti, yaani ule udongo mwekundu unaotoa alumini. Siku hizi kinachouzwa ni jua, mchanga mweupe na tabasamu la mhudumu. Tena bidhaa hii haipakiwi melini ikapelekwa kwa mnunuzi. Mnunuzi mwenyewe hupandishwa ndege, yeye na mkewe na watoto wake, akaifuata iliko. Mwaka 2024 Jamaika, nchi ambayo watu wake hawafiki milioni 3, ilipokea wageni zaidi ya milioni 4, wakihesabiwa pamoja waliokuja kwa ndege na walioshuka melini kwa saa chache. Jamhuri ya Dominika ilikwisha kupita wageni milioni 10 mwaka 2023. Biashara ya ukubwa huo inastahili kutazamwa kwa makini na kila nchi yenye pwani.

Tuanze kwa kuieleza bidhaa yenyewe, maana asiyeijua bidhaa hawezi kuijadili bei yake. Familia, tuseme ya baba, mama na watoto wawili, hutoka Toronto au Manchester au New Jersey wakati wa baridi kali, ikashuka Montego Bay katika uwanja wa ndege wa Sangster. Basi la hoteli linawasubiri. Linafuata njia ya pwani hadi kwenye lango lenye mlinzi, na lango likifungwa nyuma yao, nchi ya Jamaika hubaki nje. Ndani, kila mmoja hufungwa ukanda wa plastiki mkononi, na tangu dakika ile pochi ya baba hulala usingizi. Chakula cha asubuhi, cha mchana na cha jioni, pamoja na vitafunio vya katikati, vyote vimekwisha lipiwa. Vinywaji ni hivyo hivyo. Yapo mabwawa ya kuogelea, na mengine yana mirija mirefu ambamo watoto huteleza hadi majini huku wakipiga mayowe. Zipo mashua za tanga, miwani ya kutazamia samaki, na jioni huja wapiga muziki na reggae iliyopunguzwa ukali. Watoto wana klabu zao, kila umri na klabu yake, na mtoto mchanga ana yaya aliyefunzwa kazi hiyo. Mama huweza kulala chini ya mwavuli wa makuti tangu asubuhi hadi mchana bila mtu kumwita. Kwa mwanamke ambaye mwaka mzima amefanya kazi ya mshahara mchana na kazi ya nyumbani usiku, hayo si mambo madogo. Bei ya juma hilo huhesabiwa kwa maelfu ya dola za Kimarekani, na zipo hoteli ambazo usiku mmoja tu ndani yake unazidi mapato ya miezi kadhaa ya yule anayetandika kitanda.

Hatuandiki haya kwa kijicho. Wako ndugu zetu ambao wakisikia neno likizo hukunja uso, wakidhani kwamba kupumzika ni tabia ya mabwanyenye. Hao wameisahau historia ya wafanyakazi. Likizo yenye malipo haikutolewa na mabepari kwa hisani yao. Mwaka 1936 wafanyakazi wa Ufaransa waligoma na kukaa ndani ya viwanda vyao hadi serikali mpya ya vyama vya mrengo wa kushoto ikapitisha sheria ya majuma mawili ya likizo yenye malipo, na kiangazi kile kile wakapatikana watu wazima walioiona bahari kwa mara ya kwanza maishani. Mwaka huo huo Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wake wa kwanza wa likizo yenye malipo. Uingereza ikatunga sheria yake mwaka 1938. Na Azimio la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika ibara ya 24, likaitaja likizo hiyo kuwa haki ya kila mtu. Kwa hiyo fundi wa Manchester anayempeleka mwanawe baharini anatumia haki ambayo babu zake waliipigania, nasi tunamtakia heri na bahari tulivu. Swali letu liko upande wa pili wa lango. Yule anayempokea, anayo haki hiyo hiyo?

Hakuna mahali panapostahili zaidi kuulizwa swali hilo kuliko Montego Bay. Ni katika mashamba ya miwa yaliyouzunguka mji huo ambako, mwishoni mwa Desemba 1831, watumwa wakiongozwa na mwenzao Samuel Sharpe, mhubiri wa Kibaptisti, walikubaliana kwamba sikukuu ya Krismasi ikiisha hawatarudi kazini mpaka walipwe ujira. Likizo yao ya siku chache iligeuka mgomo, na mgomo ukageuka maasi. Majumba ya mabwana yaliteketezwa, na watumwa kwa mamia waliuawa kwa risasi na kwa kitanzi. Sharpe mwenyewe alinyongwa Montego Bay mwezi Mei 1832. Lakini utumwa haukudumu tena: sheria ya kuufuta ilianza kazi mwaka 1834 na uhuru kamili ulipatikana mwaka 1838. Serikali ya Jamaika ilimtangaza Sharpe kuwa shujaa wa taifa mwaka 1975, na uwanja wa katikati ya mji una jina lake. Basi mji ule ambao watu walinyongwa kwa kudai kwamba kazi iwe na ujira, leo riziki yake ni kuuza mapumziko.

Na huo si mwisho wa kisa. Katika parokia ya Westmoreland, magharibi ya kisiwa, kipo kiwanda cha sukari cha Frome. Kilipokuwa kinajengwa na kampuni ya Waingereza mwaka 1938, maelfu ya watu wasio na kazi walimiminika huko wakitarajia dola moja kwa siku. Walipoambiwa kwamba ujira ni mdogo kuliko huo waligoma, na tarehe 2 Mei polisi waliwafyatulia risasi na watu wanne wakafa. Kutokana na moto wa Frome, ulioenea kisiwa kizima, vilizaliwa vyama vya wafanyakazi vya Alexander Bustamante na chama cha siasa cha Norman Manley. Frome haiko mbali na Negril, na Negril ndiko uliko ule ufukwe mrefu ambao picha zake zimebandikwa katika kila duka la wakala wa safari. Mjukuu wa aliyekata miwa Frome, leo hii aghalabu hutafuta kazi Negril.

Tufike sasa kwenye huo mtindo wa kulipa yote mara moja, maana ndio moyo wa jambo hili. Msomaji huenda akacheka akiambiwa kwamba chanzo chake kilikuwa na harufu ya ujamaa. Mwaka 1950 Mbelgiji mmoja aitwaye Gérard Blitz alifungua kambi ya mahema huko Alcúdia, kisiwani Majorca, akaiita Club Méditerranée. Ulaya ilikuwa bado inauguza majeraha ya vita. Watu walilala hemani, walikula meza moja bila kujali nani tajiri na nani karani, na fedha hazikuonekana. Baadaye hata vinywaji vikawa vinalipiwa kwa shanga zilizovaliwa shingoni. Lilikuwa wazo zuri: kwa siku chache, mtu asipimwe kwa pochi yake. Lakini wazo likisafirishwa hubeba tabia ya mwenye meli.

Huko Jamaika wazo hilo lilipata udongo wa aina nyingine kabisa. Mwaka 1972 Michael Manley, mwana wa Norman, alichaguliwa kuwa Waziri Mkuu. Serikali yake iliweka kima cha chini cha mshahara, ikayatoza makampuni ya boksiti ushuru mpya mwaka 1974, na mwaka 1979 ikatunga sheria ya likizo ya uzazi yenye malipo. Alikuwa rafiki wa nchi yetu, na Mwalimu Nyerere aliitembelea Jamaika mwaka 1974. Lakini miaka hiyo ilikuwa migumu. Mafuta yalipanda bei, mtaji ulikimbia, wafuasi wa vyama walipigana mitaani, na mwaka 1976 ikatangazwa hali ya hatari. Watalii waliogopa. Vyumba vilibaki vitupu, na serikali ikalazimika kuzishika hoteli kadhaa ambazo wenyewe walikuwa tayari kuzifunga. Kabla ya uchaguzi wa Oktoba 1980, ambao Manley alishindwa, mamia ya watu walikwisha uawa katika mwaka huo mmoja.

Ni katika hofu hiyo ndipo wenye hoteli walipopata jibu lao. Ikiwa mgeni anaogopa barabara, ajengewe hoteli isiyohitaji barabara. Mwaka 1978 familia ya akina Issa, wafanyabiashara wakubwa wa kisiwa hicho, iliigeuza hoteli yao ya zamani karibu na Ocho Rios, iliyojengwa mwaka 1949, kuwa hoteli ya watu wawili wawili ambamo kila kitu kimelipiwa. Mwaka 1981 Gordon Stewart alinunua hoteli iliyochakaa Montego Bay, akaifufua kwa mtindo huo huo na kuiita Sandals. Hakuwa beberu aliyetumwa kutoka London. Alikuwa Mjamaika aliyetajirika kwa kuuza viyoyozi na majokofu, na alipofariki mwaka 2021 hoteli zake zilikuwa zimeenea visiwa vingi. Tunayasema haya makusudi, kwa sababu wako wanaodhani kwamba mali ikiwa mikononi mwa mzalendo basi maswali yote yamekwisha. Mwanzoni hoteli hizo hazikupokea watoto. Mlango kwa familia ulifunguliwa kwa ukubwa mwaka 1997, kampuni hiyo hiyo ilipoanzisha hoteli za akina mama na watoto Negril na katika visiwa vya Turks na Caicos. Wengine, wakiwemo matajiri wa Kihispania wenye hoteli za vyumba mamia kwa mamia, wakafuata.

Ukuta uliojengwa kwa sababu ya hofu ulibaki hata hofu ilipopungua, kwa kuwa ulionekana una faida. Fikiri mwenyewe, ndugu msomaji. Mtu aliyekwisha lipia milo 21 kwa juma moja atatoka nje kwa mama lishe kutafuta nini? Atakula samaki wa kukaanga barabarani kwa fedha ya ziada, ilhali samaki wa kulipiwa anamngoja ndani? Dereva wa teksi, mchonga vinyago na msuka kofia za ukili hukaa nje ya lango wakingoja saa moja au mbili za matembezi yaliyopangwa na hoteli yenyewe. Fedha nyingi za juma lile hata hazikuwahi kukanyaga Jamaika. Zililipwa Toronto, kwa wakala, akakata fungu lake. Shirika la ndege likakata lake. Kampuni yenye jina la hoteli ikakata lake. Katika zile zinazofika, sehemu hurudi tena nje kununua nyama, jibini, mvinyo na hata matunda, kwa kuwa mpishi mkuu anataka nyanya za ukubwa mmoja, kila siku, mwaka mzima, na mkulima mwenye eka mbili mlimani hawezi kumhakikishia hilo peke yake. Serikali nayo ilikuwa imekwisha samehe kodi kwa miaka mingi chini ya sheria ya vivutio vya hoteli ya mwaka 1968. Si kwamba viongozi wa Jamaika hawayaoni hayo. Mwaka 2017 walianzisha mpango wa kuwaunganisha wakulima na majiko ya hoteli kwa njia ya simu na kompyuta, ili mwenye viazi ajue nani anahitaji viazi. Hiyo ni kazi ya maana, na inafaa kuigwa. Lakini ilichukua karibu miaka 40 tangu ukuta wa kwanza ujengwe.

Tumrudie yaya. Huyu ndiye tunayemtaka msomaji amtazame vizuri, kwani bila yeye hakuna likizo ya familia. Iko likizo ya wazazi waliochoka wakimkimbiza mtoto mchangani. Yaya huamka usiku bado mzito. Mara nyingi hakai mjini, maana kodi za nyumba karibu na hoteli zimepanda pamoja na idadi ya vyumba vya wageni. Hukaa kijijini au katika mitaa ya mabanda ya mlimani, na hupanda magari mawili kufika kazini. Watoto wake huachwa kwa bibi yao. Katika visiwa hivyo bibi kulea wajukuu ni jambo la kale, tangu mama alipokwenda kupagaa miwa hadi alipokwenda London kuwa muuguzi. Kisha siku nzima hubembeleza mtoto wa mtu mwingine, humnawisha, humwimbia, humfundisha kujenga ngome ya mchanga, na wazazi wake hupata nafasi ya kukaa wawili na kukumbuka kwa nini walioana. Familia moja hukutanishwa kwa kutenganishwa nyingine. Hatumlaumu mama aliyelala chini ya mwavuli, pengine hajaambiwa. Wala kazi ya yaya si ya aibu. Ni kazi ya heshima kuliko nyingi zinazofanywa maofisini, na mwenye kuifanya vizuri ana ujuzi. Tunachodai ni kwamba hesabu yake isifichwe nyuma ya tabasamu.

Hesabu yenyewe ni hii. Tangu Juni 2025 kima cha chini cha mshahara Jamaika ni dola 16,000 za nchi hiyo kwa juma la saa 40, yaani karibu dola 100 za Kimarekani. Wako wahudumu wa hoteli wanaopata zaidi ya hapo, na wako wanaopata bahashishi, ingawa katika hoteli nyingi za kulipa yote mara moja bahashishi hukatazwa. Sheria ya likizo yenye malipo ipo tangu mwaka 1947. Lakini sheria huwalinda walioajiriwa, na ujanja wa zama hizi ni kumfanya mfanyakazi asionekane kuwa mwajiriwa. Hupewa mkataba wa miezi michache, ukaisha, ukaanza tena, miaka kumi ikapita hana hata siku moja ya kiinua mgongo. Walinzi wa kampuni moja walikuwa wakiitwa wakandarasi kwa mtindo huo huo, hadi mwezi Septemba 2022 Mahakama Kuu ya Jamaika ilipoamua kwamba hao ni wafanyakazi. Na mwezi Novemba 2024 wafanyakazi wa hoteli kadhaa kubwa za pwani ya kaskazini waliacha mashuka na masinia wakasimama nje, wakilalamikia mishahara, mikataba na hali ya kazi. Wengi wao hawakuwa na chama cha kuwasemea. Sharti tuseme pia lililo jema: mwaka 2022 ulianzishwa mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa utalii, ambao unawapokea hata wabeba mizigo, madereva na wauza vinyago, watu ambao zamani walizeeka mikono mitupu. Ni hatua ambayo nchi nyingi zenye hoteli nyingi zaidi hazijaifikiria.

Sasa tuseme yaya huyo amepata siku yake ya mapumziko. Amevaa, amewachukua watoto wake, anataka kuwapeleka baharini. Atapita wapi? Hapa ndipo jambo linapouma. Sheria ya pwani ya Jamaika ni ya mwaka 1956, yaani ya kabla ya uhuru, na inaikabidhi ardhi ya ufukweni na sakafu ya bahari kwa Taji. Haikumpa mwananchi haki ya jumla ya kuufikia ufukwe wala kuoga hapo. Hoteli hupewa leseni, huweka uzio, na mvuvi ambaye baba yake alianika nyavu chini ya mkungu uliopo pale hugeuka mvamizi. Tangu mwaka 2021 kimekuwapo chama cha wananchi kinachokwenda mahakamani, ufukwe baada ya ufukwe, kudai njia za kale zifunguliwe, na madai yao hayahusu kitu kingine ila ruhusa ya mzawa wa kisiwa kulowesha miguu katika bahari ya kisiwa chake. Barbados imefanya vizuri zaidi kwa kuwa huko ufukwe unatambuliwa kuwa wa umma. Lakini ufukwe wa umma usio na njia ya kuufikia ni kama kisima kilichofunikwa kwa jiwe, na huko nako watu hugombania vichochoro kati ya hoteli na hoteli. Jamhuri ya Dominika imeandika katika katiba yake ya mwaka 2010 kwamba fukwe ni za umma. Kwenye kisiwa cha Saint Lucia ilijengwa hoteli katikati ya vilele viwili vya Pitons, mahali ambapo mshairi Derek Walcott alipinga pasiguswe. Alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1992. Hoteli ikabaki palepale. Pitons zilitangazwa urithi wa dunia mwaka 2004.

Hata Kuba, ambayo wengi wetu tulilelewa kuitazama kwa heshima, haikusalimika. Kabla ya mapinduzi, fukwe nzuri za kisiwa hicho zilikuwa za klabu za matajiri, na Varadero tajiri wa Kimarekani Irénée du Pont alikuwa na jumba lake kwenye mwamba wa bahari. Mwaka 1959 serikali ya mapinduzi ilizifungua fukwe zote kwa umma, na wakata miwa wakaenda kuoga Varadero. Lilikuwa tendo la haki, na furaha yake ingali inasimuliwa. Lakini Umoja wa Kisovieti ulipoanguka, mafuta na mikate vikaadimika, na Kuba ikawaita wawekezaji wa Kihispania wajenge hoteli. Kwa miaka mingi Mkuba wa kawaida hakuruhusiwa kulala katika hoteli za watalii zilizo nchini mwake, hata kama alikuwa na fedha mkononi. Katazo hilo liliondolewa mwezi Machi 2008. Tunalitaja bila kufurahia. Vikwazo vya Marekani viliwabana kweli kweli, na mwenye njaa huuza kilicho karibu. Lakini jina la mfumo peke yake halimlindi mwenyeji asifungiwe nje ya nyumba yake.

Mambo haya si mageni kwetu. Frantz Fanon, mzaliwa wa Martinique katika bahari hiyo hiyo, alikwisha onya mwaka 1961 juu ya viongozi watakaozigeuza nchi zao kuwa mahali pa starehe za wengine. Mwaka 1970, hoteli za Kunduchi zilipokuwa zinang'aa upya, vijana wa chama pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandika barua magazetini wakiuliza kama utalii unapatana na Azimio la Arusha, na wakubwa wakawajibu, na wao wakajibu tena. Majibizano hayo Issa Shivji aliyakusanya katika kitabu kilichotolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1973. Miongoni mwa walimu wa chuo hicho miaka hiyo alikuwapo Walter Rodney wa Guyana, ambaye serikali ya Jamaika ilikuwa imemzuia kuingia nchini mwake mwaka 1968. Vijana wale walikosea katika baadhi ya mambo. Walidhani utalii ungeweza kukataliwa kabisa, kana kwamba nchi inaweza kula maneno. Lakini swali lao lilikuwa sahihi, na halijajibiwa. Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya laki 7 mwaka 2024. Kanda za plastiki mkononi zimekwisha fika huko, mapwani ya kaskazini na mashariki, na wanawake wanaolima mwani wanajua vizuri kuliko mwandishi yeyote ni vichochoro vingapi vya kwenda majini vimebaki kati ya ukuta na ukuta. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wanasema pia mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hakuna anayetaka kumpa jembe mtalii. Lakini angalau njia ya kwenda pwani, mkataba wenye likizo ya kweli, na nyanya za mkulima wa jirani, hivyo viandikwe katika hati ya kukodisha ardhi kabla tofali la kwanza halijawekwa, kwa sababu ukuta ukishasimama, kama Jamaika inavyoonyesha, hugharimu miaka 40 na mawakili wengi kuutoboa tundu.

Wakati mwingine mgeni mwenyewe haji. Machi 2020, kwa ajili ya maradhi ya korona, Jamaika ilifunga mipaka yake, na hadi katikati ya Juni ule mwaka mabwawa yalikaa bila mtu. Uchumi wa nchi ulipungua kwa karibu sehemu moja katika kumi kwa mwaka mmoja. Maelfu ya wahudumu walirudi vijijini kwa wale bibi waliokuwa wakiwalelea watoto, na wengine wakaanza tena kulima viazi vikuu. Kisha tarehe 28 Oktoba 2025 kimbunga Melissa, cha daraja la 5, ambalo ndilo la juu kabisa, kilipiga kusini-magharibi ya kisiwa. Westmoreland ilipigwa, St. Elizabeth ikapigwa, na St. James, iliko Montego Bay, ikafurika maji na matope. Hoteli zilifungwa. Serikali ikaweka tarehe 15 Desemba 2025 kuwa siku ya kuufungua utalii tena, na kwa nchi inayohitaji fedha za kigeni ili inunue mabati, haraka hiyo inaeleweka. Lakini watandikaji wa vitanda vya Negril na Montego Bay wanakaa katika parokia hizo hizo, ambamo maelfu ya nyumba zilipoteza mapaa. Vyama vya wafanyakazi vya kisiwa hicho vingefanya vema kuhesabu mabati yaliyopanda tangu wakati huo: mangapi yamekwenda juu ya kumbi za kulia chakula, na mangapi yamekwenda juu ya vyumba vya mayaya.